Makumbusho au matembezi ya mji? Kuchagua mjini Lubumbashi kwa wageni wasioona, viziwi na wanaotumia magurudumu

Swali hili huletwa kwangu na walimu, watu wa parokia na viongozi wa vyama vya walemavu, nalo huja karibu kwa maneno yaleyale: tuna Jumamosi moja, watu kumi na watano au ishirini, na mfuko mdogo. Tuwapeleke makumbusho, au tuwatembeze mjini? Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuniuliza. Makumbusho ina paa, ina sakafu, haina magari wala vumbi. Mimi huwauliza kwanza nani hasa anakuja, na mara nyingi jibu langu huwashangaza, kwa sababu mahali panapomfaa mtu wa magurudumu panaweza kuwa mahali pabaya kabisa kwa asiyeona.

Nianze na hao wasioona, maana kwao tofauti ya njia hizi mbili ndiyo kubwa kuliko zote.

Asiyeona: kioo au ukuta?

Fikiria ukumbi wa maonyesho wa kawaida, popote duniani. Vitu vizuri vyote viko ndani ya makabati ya vioo. Mgeni asiyeona anaingia, anasikia mwongozaji akieleza, anasikia viatu vya wenzake sakafuni, anatoka. Kama ni kusikiliza tu, redio ya nyumbani ingemtosha, tena akiwa ameketi na chai yake.

Na jambo hili linauma zaidi huku kwetu Katanga kuliko kwingine. Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, kilichopambwa kwa shanga na kauri. Wazee wa Mbudye, chama cha watunza historia, walikishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapita juu ya shanga, moja baada ya nyingine, huku mdomo ukitaja wafalme, koo, safari na mahali patakatifu. Ni historia inayosomwa kwa kidole. Leo lukasa nyingi ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimefungiwa ndani ya kioo, na mtu anayejua kusoma kwa vidole ndiye asiyeruhusiwa kuzigusa.

Kwa hiyo kwa asiyeona, makumbusho inashinda kwa sharti moja tu: kuwe na vya kugusa. Wenzetu walishalitambua hilo zamani. Athens kuna makumbusho ya kugusa iliyoanzishwa mwaka 1984 na taasisi ya wasioona, na Louvre ya Paris ilifungua chumba chake cha kugusa mwaka 1995. Kote huko hutumia nakala, si vitu vya asili. Nakala hizo kwetu si shida ya kuagiza kutoka mbali. Msalaba wa shaba, ule uliokuwa fedha ya eneo hili na ambao baadaye uliwekwa mitatu katika bendera ya Katanga, ulitengenezwa kwa kumimina shaba katika kalibu. Fundi anayeyeyusha chuma na shaba hapa mjini anaweza kuumimina hata leo. Ongeza bonge la malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, ambalo halijasuguliwa, na lingine lililosuguliwa. Ongeza chungu kilichofinyangwa kwa kufuata umbo la vyungu vya Sanga, yale makaburi ya kando ya ziwa Kisale yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Vyote vinaingia katika sanduku moja la mbao ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba.

Niliwahi kumpa papa mmoja (hapa ndivyo tunavyomwita baba mzee), mstaafu wa reli aliyepoteza macho uzeeni, msalaba wa namna hiyo. Aliupima mkononi kwa muda mrefu.

"Njo hii, mwana? Iko nzito. Balikuwa banauza nayo nini?"

(Kwa msomaji wa mbali: katika Kiswahili cha Lubumbashi kuuza ni kununua.) Nikamjibu kwamba watu walinunulia bidhaa na hata kulipia mahari. Akacheka, akauliza misalaba mingapi kwa msichana wa namna gani, na kwa dakika kumi kundi zima likasahau kwamba nilikuwa na maelezo mengine ya kutoa. Sijapata dakika kumi kama hizo mbele ya kabati la kioo.

Picha za kuchorwa ni ngumu zaidi, lakini hata hapo kuna mlango. Katika shule ya uchoraji ya Hangar, aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946, mchoraji Bela alichora kwa ncha za vidole badala ya brashi. Mwambie mgeni asiyeona akunje vidole, avigongegonge mezani haraka haraka kama mvua inayoanza, halafu mwambie: hivyo ndivyo nyasi na magamba ya samaki vilivyojaa katika picha hii.

Sasa weka hayo pembeni ya matembezi. Mji haujifungii ndani ya kioo. Ukuta wa matofali wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro na Paulo unagusika bure. Ukiingia na kupiga kofi moja, asiyeona anapata ukubwa wa nyumba ile kwa sikio vizuri kuliko wewe uliyeitazama. Uwanja wa Posta una sauti zake, filimbi ya polisi, honi, wauza vocha. Jakaranda zinapochanua mwezi wa tisa na wa kumi, maua yake yanakanyagika chini ya kiatu, na hata asiyeona anajua ameingia barabara gani.

Na lile bomba refu la moshi la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini? Halifikiki kwa mkono, lina mita 153. Watu wengi hulitaja na kupita. Ninachofanya ni hiki: tunapima mapema mita 153 za barabara iliyonyooka, tunatembea kimya tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tunasimama. "Tulichotembea sasa ndio urefu wa bomba. Lisimamishe." Nimeona watu wakiinua nyuso juu. Baada ya hapo ukiwaambia kwamba tanuru la kwanza liliwashwa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa na reli kufika kutoka kusini, tarehe hizo zina mahali pa kukaa.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kwa nini hatulitumii. Lubumbashi imejaa mafundi wa kugonga shaba, wanaotengeneza zile picha za kutundika sebuleni: mama anayetwanga, tembo, ramani ya nchi. Picha hizo zimeinuka, zinasomeka kwa vidole. Mpe fundi mmoja mchoro wa njia yenu: hapa Posta, hapa kanisa, hapa reli, barabara ziwe mistari iliyoinuka, vituo viwe nundu. Atakupa ramani ya kugusa ambayo haitachanika kama karatasi wala kulowa mvua. Mwambie tu asijaze mapambo. Kidole kikikuta maua kila mahali hakijui barabara ni ipi.

Hatari ya matembezi kwa asiyeona ni mitaro. Mitaro iliyo wazi, vyuma vinavyochomoza, meza za wauzaji juu ya njia ya miguu, na gari lililoegeshwa palepale ulipopanga kupita. Dawa yake ni mwenzi mmoja anayeona kwa kila asiyeona, naye asiyeona ndiye anayeshika kiwiko cha mwenzi wake. Asivutwe mkono kama mtoto anayechelewa shule. Ukiwa na watu kumi wasioona na wasaidizi watatu, usitoke nao mjini siku hiyo. Nenda makumbusho na lile sanduku.

Magurudumu: hapa mizani inageuka

Kwa wanaotumia magurudumu, makumbusho ndiyo yenye nafasi ya kushinda. Nasema nafasi, maana vipimo vinavyonakiliwa kutoka vitabu vya nje havijatukuta tulipo. Vitabu hivyo vinazungumzia kiti cha magurudumu: mlango wa sentimita 80 hadi 90, nafasi ya kugeuka ya sentimita 150, njia ya mteremko inayopanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Vyote ni kweli na vyote vinafaa. Lakini katika mji wetu watu wengi walioathiriwa na polio wanakuja kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Ni ndefu, haigeuki katika ukumbi, na mwenyewe hataki kuiacha nje bila mlinzi kwa sababu ndiyo miguu yake na mara nyingi ndiyo kazi yake pia. Kwa hiyo anaiacha mlangoni kwa wasiwasi, kisha anaingia kwa magongo, au kwa mikono sakafuni.

Ukipanga ziara ya namna hii, uliza mambo matatu ambayo hayamo katika vitabu. Nani analinda baiskeli nje? Je, kuna viti viwili au vitatu vya magurudumu vya kuazima mlangoni? Na sakafu imepigwa deki asubuhi hiyo? Swali la mwisho huonekana dogo kwa mtu anayeigusa sakafu kwa nyayo tu.

Kuhusu ngazi: ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Ngazi tatu, mita 5 na sentimita 40. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza mteremko wa chuma wa kubebeka kwa ngazi moja. Kwa ngazi tatu tayari ni mzigo wa kupakiwa katika gari, na kwa kumi usijidanganye, tafuta mlango wa nyuma wanakopitishia mizigo. Mara nyingi upo, na hakuna aliyefikiria kuutaja.

Mtu atasema: vijana wapo, watawabeba. Niliona hivyo katika ukumbi mmoja ambao sitautaja. Vijana wanne, kwa moyo mzuri kabisa, walimwinua mama mmoja na kiti chake bila kumuuliza, wakapanda naye wakicheka na kuhimizana. Hakusema neno pale juu. Hakusema neno mchana wote. Tangu siku hiyo habebwi mtu katika ziara zangu isipokuwa ameomba mwenyewe, na ameeleza ashikwe wapi.

Ukishaingia, angalia urefu wa makabati. Macho ya mtu aliyeketi yako mahali pa mita 1 na sentimita 10 hadi 20 hivi. Kabati la mezani lenye kioo cha kulala juu linamwonyesha mwanga wa taa na kidevu cha jirani yake. Na choo! Watu huona haya kuuliza, ilhali choo ndicho kinachoamua ziara ichukue muda gani. Choo cha kuchuchumaa chenye mlango mwembamba maana yake watu wako hawatakunywa maji tangu asubuhi, na saa sita wataanza kuuliza kurudi nyumbani. Hutajua sababu, hawatakuambia.

Matembezi kwa magurudumu? Yanawezekana, lakini yawe mafupi na ya kiangazi. Njia za miguu zina ukingo mrefu, kwa hiyo baiskeli za mikono hulazimika kushuka barabarani katikati ya taksi na pikipiki, zikiwa chini kuliko macho ya dereva. Ukitaka kwenda hivyo, nenda Jumapili asubuhi wakati mji bado haujaamka, vituo visizidi vitatu, na mtu mwenye kizibao chenye rangi kali atembee nyuma ya kundi. Mvua zikishaanza mwezi wa kumi na moja, sahau.

Viziwi, na kosa la mwongozaji anayesema huku anaonyesha

Kwa viziwi makumbusho inashinda kwa urahisi, na sababu yake si ukimya kama wengi wanavyodhani. Sababu ni kwamba kitu kinakaa kikingoja. Kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na msalaba wa shaba kwa wakati mmoja. Mwongozaji anayenyoosha kidole na kuzungumza pamoja anamlazimisha achague, naye kwa heshima humchagua mkalimani, akatoka ameona mikono ya mtu saa nzima. Utaratibu mzuri ni huu: eleza, nyamaza, onyesha, ngoja. Ndani ya ukumbi unaweza kungoja. Mjini, katikati ya kungoja, pikipiki inakuja kutoka nyuma na yeye haisikii.

Mkalimani atoke hapahapa. Kuna waliopakua video za lugha ya ishara kutoka Ufaransa wakidhani Kifaransa ni Kifaransa. Ishara zinazotumiwa na viziwi wengi waliosoma katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwemo, zina asili ya Marekani. Zililetwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, aliyefungua shule yake ya kwanza Ghana mwaka 1957 na kuendelea hadi shule zaidi ya 30 katika bara hili. Video ya Paris kwa kijana wa Katuba, hapa mjini, ni lugha ya kigeni. Na wapo viziwi ambao hawakupata shule yoyote, wana ishara za nyumbani tu. Kwao mlete ndugu anayewaelewa, na vitu halisi vya kushika. Sanduku lile la wasioona linarudi kazini.

Kuhusu wenye ulemavu wa akili nitasema kifupi: ukumbi wenye vitu vichache, muda mfupi, mahali tulivu pa kukaa, na maelezo ya sentensi fupi katika Kiswahili cha nyumbani. Maandishi ya Kifaransa cha kitaalamu ukutani huwapoteza wao, huwapoteza bibi zetu, na tukisema kweli hutupoteza na sisi.

Simu, nukta nundu au mtu?

Iwe ndani au nje, fedha zikiwa kidogo utalazimika kuchagua chombo kimoja. Kwa kawaida watu huvutiwa kwanza na simu: maelezo yaliyorekodiwa, alama ya kupiga picha kwa simu (QR) kando ya kila kitu. Inaonekana ya kisasa, na wafadhili huipenda. Lakini alama ya kupiga picha haionekani na asiyeona, labda uizungushie fremu inayogusika. Inataka pia bando, na chaji, katika mji ambao umeme ukikatika jana usiku nusu ya simu za kundi zimezima asubuhi. Kitu kilichonifaa mimi ni sauti za dakika mbili mbili, kwa Kiswahili, zilizotumwa kwa WhatsApp siku mbili kabla. Watu wanazisikiliza nyumbani na watoto wao, wanafika na maswali tayari.

Nukta nundu ni haki ya anayezisoma, na kadi chache hazina gharama kubwa kama kuna shule ya wasioona ya kukusaidia. Ila uliza kwanza. Yule papa wa reli hakuzijua, kwa sababu macho yalimwondokea akiwa mtu mzima. Ukumbi uliobandika nukta nundu kila kona na kuzuia kugusa umemaliza fedha bila kumfikia. Maandishi makubwa meusi juu ya rangi nyeupe, ya ukubwa wa 18 au zaidi, yanasaidia watu wengi kuliko hayo, wakiwemo wanaoficha kwamba wanahitaji miwani.

Mimi, nikilazimishwa, nachagua mtu. Mwongozaji mmoja aliyefunzwa kwa siku mbili na walemavu wenyewe, akalipwa vizuri, na sanduku lake. Hao waliomfunza nao walipwe, tafadhali. Nimechoka kuona wanaitwa kushauri kwa malipo ya soda.

Ukienda kuomba ruhusa ya kugusa, au kuomba mlango wa mizigo ufunguliwe, usiende kwa sauti ya kuomba sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unataja maisha ya utamaduni katika kifungu cha 30, na Kongo imejiunga nao tangu 2015. Sheria yetu wenyewe ya kulinda haki za mtu mwenye ulemavu ilitolewa tarehe 3 mwezi wa tano 2022. Itaje katika barua, mstari mmoja, kwa adabu. Barua inayotaja sheria husomwa hadi mwisho.

Kama kundi lenu ni la mchanganyiko

Basi kwa wasioona wenye wasaidizi wa kutosha, mji. Kwa magurudumu na viziwi, makumbusho. Lakini makundi ya parokia hayajipangi hivyo, huja yote pamoja, na hakuna atakayekubali kutenganishwa na mwenzake. Kwa kundi kama hilo naanza ndani, saa moja isiyozidi, sanduku likizunguka mkono kwa mkono. Kisha kituo kimoja tu cha nje, kile kilicho karibu na mlango, penye kivuli na ukuta wa kugusa. Zile mita 153 huwa naziacha mwisho, kwa anayetaka. Wenye baiskeli za mikono huzipenda kuliko nilivyotazamia: hushindana.

Wiki moja kabla, saa ileile na siku ileile ya wiki, pita njia yote na mtu mmoja asiyeona na mmoja wa magurudumu. Chukua pia mita ya fundi. Mara ya mwisho tuligundua kwamba mlango wa sentimita 90 ulikuwa na kufuli upande mmoja, ukifunguka sentimita 45, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyesafiri Likasi.